Dakika tisa na dakika thelathini

Jumapili moja ya mwaka huu, baada ya mkutano wa kikundi, kijana mmoja alitungoja nje ya ukumbi wa parokia. Mkononi alishika karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Tunamfahamu tangu alipokuwa mtoto wa katekisimu. Siku hizi mtaani anajulikana kwa ngumi zake kuliko kwa jina lake. Jioni hufanya mazoezi katika ua wa ghala moja, na katika mashindano ya hapa kwetu bado hatujaona wa kumshinda. Alitusalimu kwa heshima, kisha akasema: "Baba katekista, kuna bwana anayetaka kunipeleka nje nikapigane kwa malipo. Niweke sahihi? Watu wote wanasema kipaji ninacho."

Tulimjibu, "Mwanangu, utupe juma moja." Hatukumweleza kwa nini tuliomba muda huo. Swali lake lilitukumbusha bondia tuliyemshangilia tulipokuwa na umri kama wake, ambaye hatukuwahi kumwona kwa macho, na ambaye mwisho wake haujatutoka moyoni hadi leo. Tulitaka kwanza kumfikiri bondia huyo kwa utulivu, ndipo tumjibu kijana. Tunayowaandikia hapa ndiyo tuliyoyafikiri katika juma lile.

Mwaka 1988 tulikuwa wanafunzi wa shule ya ualimu. Tulilala bwenini, na bweni zima lilikuwa na redio moja. Usiku tuliizunguka tukitafuta idhaa za Kiswahili, na kwa njia hiyo tulifuata Michezo ya Olimpiki ya Seoul, huko Korea ya Kusini. Huko tulilisikia jina la Robert Wangila, kijana wa Nairobi mwenye umri wa miaka 21, aliyepigana katika uzani wa welta, yaani kilo 67. Katika nusu fainali hakurusha hata konde moja, kwa kuwa mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, alikuwa ameumia, hakuweza kupanda ulingoni. Katika fainali alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Pambano halikufika mwisho: katika raundi ya pili Wangila alimwangusha, na medali ya dhahabu ikawa yake.

Kenya ilirudi kutoka Seoul na medali tano za dhahabu. Nne zililetwa na wakimbiaji, na ya tano ilikuwa ya Wangila. Hakuna Mkenya aliyepata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki kabla yake, na mpaka leo hakuna aliyeipata baada yake. Sisi hatukuwa Wakenya, lakini bweni zima lilipiga kelele hata mlinzi wa usiku akaja kutugombeza. Tulimwona Wangila kuwa wetu kwa sababu alikuwa kijana wa Afrika kama sisi, na habari zake tulizipata kwa lugha yetu.

Mwaka uliofuata alikwenda Marekani kupigana kwa malipo, na sisi tulikuwa na hakika kwamba baada ya muda mfupi tungemsikia akitajwa bingwa wa dunia. Hatukumsikia akitajwa hivyo. Alipigana mara 27, akashinda mara 22, na katika ushindi huo mara 16 aliwamaliza wapinzani kabla ya kengele ya mwisho. Alishindwa mara tano. Hesabu hiyo si ya mtu dhaifu. Lakini mkanda wa ubingwa wa dunia hakuufikia.

Tarehe 22 Julai 1994 alipigana mjini Las Vegas na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa mwamuzi alisimamisha pambano. Wangila alilalamika, maana alitaka kuendelea. Baada ya muda mfupi alizimia, akapelekwa hospitali, na tarehe 24 Julai alifariki dunia. Alikuwa hajatimiza miaka 27.

Wakati huo sisi wa Kivu tulikuwa na misiba mikubwa mbele ya macho yetu. Wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wakimiminika Goma na Bukavu, na huko Goma kipindupindu kilikuwa kikiua watu kila siku. Habari ya kifo cha bondia mmoja katika mji wa mbali ilitufikia kwa kuchelewa, nayo ikapita upesi. Tulipopata nafasi ya kuikumbuka, tulijikuta tukiuliza swali ambalo halikututoka tena: mtu aliyekuwa bora kuliko wote wa uzani wake pale Seoul, alipungukiwa nini?

Swali hilo lilizidi kuwa gumu mwaka 1996. Laurent Boudouani, yule Mfaransa aliyeangushwa na Wangila katika raundi ya pili, alikuwa bingwa wa dunia wa chama cha WBA, katika uzani wa juu kidogo kuliko ule wa Seoul. Alikaa na mkanda huo mpaka mwaka 1999. Aliyeshinda Seoul alikuwa kaburini, na aliyeshindwa alikuwa juu ya kilele. Kama kipaji peke yake ndicho kingepanga mambo, mpangilio ungekuwa kinyume.

Kuna wanaosema kwamba medali ya Olimpiki ni laana kwa bondia. Si kweli. Muhammad Ali na George Foreman, waliopigana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, wote wawili walikuwa wamepata dhahabu ya Olimpiki, mmoja Roma mwaka 1960, mwingine Mexico mwaka 1968. Pale pale Seoul, Lennox Lewis alipata dhahabu akipigania Kanada, na baadaye akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Roy Jones wa Marekani alinyimwa dhahabu katika uamuzi ambao watu wanaulalamikia hadi leo, akarudi kwao na medali ya fedha, kisha akawa mmoja wa mabondia wakubwa wa kizazi chake. Kwa hiyo medali haizuii, wala haihakikishi. Inamthibitisha mtu katika kazi aliyokwisha kuifanya, na kazi ile nyingine bado inamngoja.

Hapo ndipo tulipoona sababu ya kwanza. Ndondi za ridhaa na ndondi za malipo zina jina moja, lakini ni kazi mbili. Pale Seoul pambano lilikuwa na raundi tatu, kila raundi dakika tatu. Jumla ni dakika tisa. Bondia alivaa kofia ya kinga kichwani, na waamuzi walihesabu makonde yaliyofika. Mtu mwenye kasi, mwenye ngumi nzito, anayeanza kwa moto, angeweza kumaliza kila kitu kabla nguvu zake hazijapungua. Katika ndondi za malipo kofia hakuna. Pambano kubwa huwa na raundi kumi, yaani dakika thelathini, na la ubingwa huwa na raundi kumi na mbili. Zamani za ubingwa zilikuwa kumi na tano. Zilianza kupunguzwa baada ya bondia wa Korea, Duk Koo Kim, kufariki kufuatia pambano la Las Vegas la Novemba 1982. Hata baada ya kupunguzwa, bado ni mara nne ya muda wa Olimpiki.

Katika dakika tisa mtu huulizwa ana nguvu kiasi gani. Katika dakika thelathini huulizwa anajua kuzigawa namna gani: lini apige, lini apumzike huku anapigana, lini apokee konde la bega ili aepuke la kichwa, na jinsi gani ashinde raundi ya nane wakati miguu imekwisha kukataa. Hayo hayafundishwi kwa medali. Hufundishwa kwa miaka, pamoja na mtu anayejua.

Kabla ya Wangila, mwenzake mmoja wa Kenya alikwisha kuipita njia hiyo. Philip Waruinge alipata medali ya shaba Mexico mwaka 1968, na ingawa haikuwa dhahabu, alipewa Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likitolewa kwa bondia aliyeonyesha ufundi mzuri kuliko wote katika mashindano. Mwaka 1972, huko Munich, alipata medali ya fedha. Kisha alikwenda Japani kupigana kwa malipo, na ubingwa wa dunia hakuupata. Ufundi ule uliowapendeza waamuzi katika raundi tatu haukutosha katika kazi nyingine.

Vijana wapendwa, jambo hili tunalielewa kwa sababu na sisi, katika kazi yetu ndogo, lilitupata. Katika shule ya ualimu tulikuwa tukisifiwa sana kwa somo la mfano. Mnajua lilivyo: mwanafunzi-mwalimu anaandaa somo moja kwa siku tatu, anachora chati zake, anaingia katika darasa lililotulizwa, na mkaguzi anakaa nyuma na kalamu. Sisi tulikuwa hodari. Sauti yetu ilijaza darasa, chaki yetu ilichora ramani bila kufuta, na mkaguzi alituandikia maneno ambayo tuliyaweka katika sanduku kama medali.

Kisha tulipata kazi. Darasa letu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya sabini, na madawati yaliwatosha nusu yao. Chati hazikuwepo, na mshahara ulikuwa ni habari tunayoisikia tu. Tulianza kila siku kama tulivyofanya mbele ya mkaguzi: sauti ya juu, mikono hewani, mwendo wa haraka. Ilipofika saa nne asubuhi tulikuwa tumekwisha. Ilipofika saa sita tulikuwa na hasira. Katika mwezi wa tatu tulimpiga fimbo mtoto mmoja kwa kosa la kuuliza swali lile lile mara ya pili. Mtoto hakulia. Alikaa tu, akatutazama, na tangu siku ile hakuuliza tena.

Mkuu wa shule, mzee aliyekuwa amefundisha miaka mingi, aliliona jambo hilo kupitia dirishani. Hakutuaibisha mbele ya watoto. Jioni alituita, akatukaribisha tukae, akasema: "Mwanangu, wewe unafundisha kila siku kana kwamba mkaguzi yupo. Mkaguzi haji. Una watoto hawa mpaka mwezi wa saba. Jifunze kufundisha hata ukiwa umechoka." Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, alikaa nasi saa moja. Alituonyesha jinsi ya kuwapa watoto kazi ya vikundi ili sauti ipumzike, jinsi ya kuligawa somo, jinsi ya kuacha jambo moja ili kulifundisha vizuri lingine. Kama asingekuwepo, tungeiacha kazi mwaka ule ule, na watu wangesema: kijana yule alikuwa na kipaji, sijui kilipotelea wapi.

Katika ulingo mtu wa namna hiyo hukaa kwenye kona. Raundi ikiisha bondia hurudi kwake dakika moja, akanywa maji, akasikia neno. Na hapa ndipo ilipo sababu ya pili ya mabondia wengi wa ridhaa kupungukiwa. Katika ndondi za ridhaa kona ya bondia hupangwa na wengine. Taifa linamchagua, linampa mkufunzi, chakula, kitanda na wenzake wa kikosi. Mpinzani wake hupatikana kwa kura. Anayemshangilia hangojei fungu lake la fedha. Lakini akiingia katika ndondi za malipo, kila anayesimama karibu naye ana fungu: meneja ana lake, promota ana lake, mkufunzi ana lake. Hilo si dhambi kwa lenyewe, maana hata mfanyakazi wa kona anastahili ujira. Hatari ni kwamba mpinzani sasa huchaguliwa na watu, na watu hao wanaweza kumchagua ili kijana ajifunze, au wanaweza kumchagua ili tiketi ziuzwe. Kijana aliyetoka Olimpiki anauza tiketi. Kwa hiyo wengi huwa na haraka naye.

Uvumilivu, kwa upande mwingine, una gharama. Ali alipata dhahabu mwaka 1960, na ubingwa wa dunia mwaka 1964. Foreman alingoja kutoka 1968 mpaka Januari 1973. Boudouani, kutoka siku ile aliyoanguka Seoul, alingoja miaka karibu minane. Alipigana sana nchini kwao, akawa bingwa wa Ulaya kwanza, kisha wa dunia. Mtu lazima ale katika miaka hiyo yote. Lazima awepo anayekubali kumlisha bila kumharakisha.

Tunaye na wetu wa mfano huo. Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi mwaka 1956. Alikwenda Italia, akaanza kupigana kwa malipo mwaka 1980, na kwa miaka mingi watu wachache walimtaja. Mwaka 1987 alimshinda Herol Graham kule kwao Uingereza, akawa bingwa wa Ulaya. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, mjini Livorno, alimshinda Iran Barkley, akawa bingwa wa dunia wa WBA katika uzani wa kati. Alikuwa na umri wa miaka 31. Mwaka uliofuata, mjini Pesaro, alimshinda Mike McCallum, ambaye kabla ya hapo hakuwa ameshindwa na mtu katika ndondi za malipo. Kalambay hakuwa na dhahabu ya Olimpiki ya kumtangulia mlangoni. Alikuwa na miaka saba ya kujifunza kazi yake. Naye pia aliangushwa baadaye, mwaka 1989, na Michael Nunn, katika raundi ya kwanza tu, huko huko Las Vegas. Hatumtaji kana kwamba alikuwa mtu asiyeshindwa. Tunamtaja kwa sababu alipewa muda, naye akautumia.

Tunaliandika neno hili kwa uangalifu. Hatusemi kwamba kuna mtu fulani aliyemharibu Wangila. Tunachokijua ni kile kinachoonekana: kijana wa miaka 21 aliondoka katika kikosi cha taifa lake, akaenda katika nchi ya mbali, katika kazi iliyofanana na ile aliyoijua lakini haikuwa ile. Wamarekani wenyewe walikiri baadaye kwamba kazi hiyo iliwaacha mabondia bila ulinzi wa kutosha. Mwaka 1996 walitunga sheria ya usalama wa mabondia wa malipo, na mwaka 2000 nyingine, yenye jina la Muhammad Ali, ili kuwalinda dhidi ya mikataba ya kuwanyonya. Kwa Wangila sheria hizo zote mbili zilichelewa.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuuma kuliko zote, nayo inahusu neno moja: basi. Pambano liliposimamishwa katika raundi ya tisa, Wangila alitaka kuendelea. Hatumlaumu. Moyo ule ule uliotaka kuendelea Las Vegas ndio uliomshindia dhahabu Seoul. Bondia asiye na moyo huo hafiki popote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo bondia hawezi kuachiwa peke yake kuamua lini aache. Mwamuzi anaweza kusema basi katika usiku mmoja. Kusema basi katika maisha, yaani pumzika miezi sita, usipigane na huyu, rudi nyumbani ukasome, hiyo si kazi ya mwamuzi. Ni kazi ya mtu wa kona ambaye kijana amekubali kumsikiliza kabla ya siku ya hatari.

Tena kuna jambo linalohusu kushindwa. Katika ndondi za ridhaa ukishindwa unapoteza medali ya mashindano yale, na mwakani unaanza tena. Katika ndondi za malipo kila pambano ulilopoteza linaandikwa na kubaki, nalo linapunguza bei yako. Mwenye bei ndogo hupewa pambano gumu kwa taarifa fupi, naye hukubali kwa sababu anahitaji fedha. Wengi huteremka ngazi hiyo bila kuhesabu vidato.

Baada ya kifo chake, mabishano yalizuka Nairobi kuhusu ibada ya kumzika Wangila, iwe ya Kiislamu au ya Kikristo, maana alikuwa ameingia katika Uislamu. Hatutaki kuyafukua maneno ya wafiwa. Tulipoyasikia tulihuzunika tu kwamba mtu aliyekwisha kupigana vya kutosha alipata pambano jingine ambalo hakuwa na uwezo wa kulipigana. Wakristo na Waislamu tunaoishi mtaa mmoja tunajua kwamba kumzika ndugu kwa amani ni heshima ya mwisho tunayoweza kumpa.

Basi, tuseme alishindwa? Tangu juma lile tumelikwepa neno hilo. Aliyeshinda mara 22 na kuiletea nchi yake dhahabu pekee ya ndondi hakushindwa. Alipungukiwa, naye alipungukiwa na vitu ambavyo mtu hawezi kujipa mwenyewe: muda, mwalimu wa kazi ya pili, na mtu wa kumwambia basi. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alichukua mfano wa wakimbiaji na wa mabondia. Hakusifu uzito wa ngumi, alisifu kujitawala. Sisi tungethubutu kuongeza kwamba hata kujitawala mtu hufundishwa na wengine, kama sisi tulivyofundishwa na mzee yule kila Ijumaa.

Juma lilipokwisha kijana alirudi na karatasi zake. Tulimwita na mwanaparokia mmoja anayejua mambo ya sheria, tukakaa watatu, tukazisoma mstari kwa mstari. Ziliandikwa kwa Kifaransa kigumu, na kijana alikuwa amezisoma nusu. Tuliona kwamba angefungwa kwa miaka mitano. Tuliona fungu lake, baada ya mafungu ya wengine. Hatukuona nani angelipa daktari akiumia, wala nani angelipa safari ya kurudi, wala kama yeye mwenyewe angekuwa na neno katika kuchagua mpinzani.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha alisema jambo ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka: "Baba, nikichelewa atamchukua mwingine. Na nyumbani wananitazama mimi." Tunaijua nyumba yao. Mama yake anauza mkaa, na wadogo zake ni wanne. Ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara, hata kama ni mdogo, kumhubiria uvumilivu mtu asiye nao. Kwa hiyo hatukumwambia asiende. Tulimwambia: "Yawezekana atamchukua mwingine. Lakini mtu asiyeweza kukungoja siku kumi ili uulize maswali matatu, mwanangu, je, atakungoja miezi sita ukiwa mgonjwa?"

Maswali hayo matatu tuliyaandika pamoja, akayatuma kwa jina lake. Hadi tunapoandika maneno haya amejibiwa mawili. Lile la daktari bado halijajibiwa, naye bado hajaweka sahihi.

Sisi tumepewa kazi mpya. Kila Alhamisi jioni tunakwenda katika ua ule wa ghala na kushika saa. Mzee mmoja wa mtaa, aliyewahi kupigana ujanani, amekubali kumfundisha. Juma la kwanza tulimwambia afanye raundi kumi badala ya tatu. Raundi tatu za kwanza alikuwa moto, na watoto waliokuwa juu ya ukuta walimpigia makofi. Katika raundi ya sita mikono yake ilianza kuteremka. Mzee alimwambia: "Sasa ndiyo tunaanza kusoma." Kijana alicheka, akainua mikono, akaendelea.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

1. Katika kazi au masomo yako, ni jambo gani unalifanya vizuri kwa dakika tisa tu? Nani anaweza kukufundisha dakika thelathini?

2. Nani yuko kwenye kona yako? Je, umempa ruhusa ya kukuambia basi, nawe utamsikiliza?

3. Katika kikundi chenu kuna mwenzenu mwenye kipaji ambaye mmekuwa mkimpigia makofi tu. Anahitaji nini kutoka kwenu mbali na makofi?